Bima kubwa ya gari lenye vifaa vya ziada: walivyonilipa baada ya ajali

Kampuni yangu ya bima nawasifu kwa mkaguzi wao, nawalaumu kwa makaratasi yao. Gari langu lina rimu za inchi 18, springi fupi za kulishusha, na redio yenye spika kubwa milangoni, na vyote nilifunga mwenyewe baada ya kulinunua. Nikikwepa lori kwenye mvua, nikavaa ukingo wa daraja. Rimu mbili zilipasuka, mlango wa kushoto ukabonyea pamoja na spika yake.

Mkaguzi alifanya kazi ya kuheshimika. Alilala chini na tochi, akapangusa tope, akasoma namba zilizochongwa ndani ya rimu, kisha akachunguza ndani ya fenda kama kuna alama za tairi kusugua. Alitaka kujua kama kushushwa kwa gari ndiko kulikofanya liteleze. Swali hilo ni la haki: kifaa ulichokitaja kwenye mkataba ni jambo moja, kifaa kilichosababisha ajali ni jingine, na kilichofichwa kinaweza kukunyima fidia yote. Hakuona msuguano wowote, akaandika hivyo.

Rimu na springi zililipwa, baada ya kukatwa uchakavu na kile kiasi cha kwanza ninachobeba mwenyewe. Kwenye redio na spika ndipo tulipovutana. Walitaka kunilipa bei ya redio ya kiwandani, eti hati haizitaji. Wakati nakata bima nilimtumia wakala barua pepe moja yenye picha na risiti za vitu vyote. Rimu na springi zikaingia kwenye kiambatisho cha mkataba, spika zikaachwa, na nilipopiga simu wakala akaniambia, "Hiyo imeshaingia, bosi." Neno lake la simuni halikunisaidia chochote. Barua pepe ndiyo iliyonisaidia: niliiambatisha kwenye malalamiko ya maandishi, wakalipa tofauti, ingawa kwa kuchelewa sana.

Fomu yao inauliza tu, "Je, gari limefanyiwa mabadiliko?" na chini yake kuna mstari mmoja mfupi. Mtu mwenye turbo, bampa la chuma na mtungi wa gesi ataandika nini hapo? Waweke jedwali la kifaa, thamani na tarehe ya kufungwa, na mteja apewe nakala iliyopigwa muhuri siku hiyohiyo. Nimehuisha bima kwao, lakini safari hii sikulipa mpaka nilipoziona spika kwenye kiambatisho, kwa jina na kwa thamani.