Shule ya wavulana watupu: miaka mitatu ya mwanangu, gredi ya 4 hadi ya 6

Kila Januari ikikaribia, mashoga zangu wawili watatu hunipigia simu na swali lile lile: "Ile shule ya wavulana, vipi?" Nimechoka kujibu kwa vipande vipande, basi nayaandika yote mahali pamoja. Jina la shule silitaji, maana nina ya kusifu na nina ya kulalamikia, na baadhi ya walimu tunaonana sokoni. Itoshe kwamba iko Mombasa, kisiwani, ni ya kibinafsi, ya kutwa, ina madrasa ndani yake, na haichukui msichana hata mmoja.

Mwanangu aliingia Januari 2023, gredi ya 4, akitokea shule ya mchanganyiko. Nilichofuata ni madrasa. Kule kwa zamani alikuwa akitoka shule saa tisa na nusu, madrasani saa kumi, akirudi magharibi na kusinzia juu ya sahani. Nilitaka Kurani na Hisabati ziwe chini ya paa moja ili jioni mtoto apate kucheza. Hili la wavulana watupu sikulipa uzito. Nilidhani tofauti itakuwa kelele tu.

Na kelele zipo, usidanganywe. Siku ya kwanza niliisikia shule kabla ya kuiona.

Lakini kilichonishangaza ni ufagio. Shule niliyosoma mimi, na labda uliyosoma wewe pia, wasichana walifagia na kupiga deki, wavulana wakachota maji na kusukuma madawati, kisha wakakimbilia mpira huku wasichana wakimalizia pembe. Hapa hakuna wa kuachiwa pembe. Kila Alhamisi darasa zima hukunja suruali na kudeki, kwa zamu zilizoandikwa ukutani, na mwalimu hupita na kidole kwenye dirisha. Mwaka ule wa 2023 Sayansi Kimu ilikuwa bado somo linalojitegemea, na mwalimu wake alikuwa mwanamume mwenye ndevu, anayefunga aproni bila kuona haya. Walipika chapati. Chapati ya kwanza niliyoletewa ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya daftari, na hesabu za kugawanya zimejichapa juu yake kwa wino wa buluu. Nikaila hivyo hivyo. Wakajifunza pia kushona kifungo, kufua soksi, kupanga sahani. Mwaka uliofuata, serikali ilipopunguza masomo ya gredi ya 4 hadi ya 6 yakawa manane, mambo ya lishe yakatiwa ndani ya Kilimo, na nilihofia kupika kutakufa. Hakukufa, ila kulipungua.

Nilijiuliza kama mambo haya yangewezekana kule alikotoka. Mtaala ni ule ule, vitabu ni vile vile. Sidhani. Kule kungepatikana wasichana sita wa kukanda unga, na mwanangu angekuwa mlinzi wa jiko.

Darasani sasa. Walikuwa 38, wengi kwa kipimo cha shule ya kulipia. Wameketi makundi makundi, si safu za kutazama visogo. Vipindi vya gredi hizi ni dakika 35, na kwa wavulana 38 dakika tano za kwanza huliwa na kutafuta kalamu. Mwalimu hodari huifidia hasara hiyo, asiye hodari huizidisha, na tumewapata wa aina zote mbili.

Aliyefanya mwanangu apende shule ni mwalimu wa Sayansi ya Jamii. Walipofika kwenye historia ya kaunti aliwapeleka Ngome ya Yesu, kama shule zote za hapa zinavyofanya, lakini waliporudi aliwaambia waigize kuzingirwa kwa ngome, 1696 hadi 1698, Waarabu wa Oman nje na Wareno ndani. Madawati yakawa kuta. Tatizo likawa moja: hakuna aliyekubali kuwa Mreno. Ikabidi zipigwe kura za vikaratasi, na mwanangu akaangukia Ureno. Alirudi nyumbani amenuna. Nikamwuliza imekuwaje, akanieleza kwa dakika ishirini nzima jinsi chakula kilivyowaishia, maradhi yalivyowamaliza, na meli za msaada kutoka Goa zilivyochelewa. Mimi nimezaliwa hatua chache kutoka ngome hiyo na sikuwahi kujua kwamba kuzingirwa kulipita miaka miwili. Sisi tulikariri 1593, mwaka wa kuanza kujengwa, tukatiwa alama ya vema, basi.

Mwalimu huyo huyo ndiye aliyezibadilisha nyumba za michezo. Zamani ziliitwa kwa rangi. Sasa zinaitwa kwa pepo: Kaskazi, Kusi, Matlai na Umande. Mtoto wa nyumba ya Kaskazi hulazimika kujua upepo wake unaanza mwezi gani na ulileta majahazi kutoka wapi, na wa Kusi hivyo hivyo. Siku ya riadha ukisikia wavulana mia mbili wakipiga kelele "Kusi imechafuka!" utafikiri uko bandari ya zamani.

Kiswahili nacho kina hadithi yake. Nyumbani kwetu tunasema Kimvita, hatujifichi. Katika insha mwanangu akaandika "mato" badala ya "macho" na "nde" badala ya "nje". Nilitarajia mistari myekundu. Mwalimu, ambaye si mtu wa pwani, alizungusha maneno hayo kwa penseli akaandika pembeni: "Hayo ni maneno ya washairi wa Mvita. Yaweke. Kwenye mtihani andika macho na nje." Mtoto amepata lugha mbili kwa bei ya moja. Bibi yake aliposomewa maandishi hayo aliomba ajue mwalimu anaitwa nani ili amwombee dua.

Bibi huyu huyu ndiye asiyeelewana na ripoti. Kila muhula huuliza, "Amekuwa wa ngapi?" Hakuna wa ngapi siku hizi, namwambia. Kuna kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio. "Matarajio ya nani?" Sijapata jibu, na ukweli ni kwamba ripoti hizo ziliniponza. Gredi ya 5 mwalimu wa Hisabati alibadilishwa mara tatu ndani ya mwaka. Ripoti zote tatu zikaja na "kufikia matarajio." Siku moja nikamtuma dukani na noti ya 500, vitu vya 365, akarudi na chenji pungufu ya shilingi 40 na hakujua. Nilipomkalisha chini nikagundua kutoa kwa kukopa hakumkai kichwani, sembuse kugawanya. Nilikwenda shuleni na karatasi mkononi. Mwalimu wa tatu, kijana mpole, alikiri kwamba alijaza alizoachiwa na aliyemtangulia. Nilithamini ukweli wake kuliko nilivyothamini ripoti. Walimpangia mtoto kundi la asubuhi kabla ya kengele, bila malipo, na kufikia muhula wa kwanza wa gredi ya 6 alikuwa amesimama sawa. Lakini kama si ile noti ya 500 ningeendelea kulala fofofo.

Kuhusu kazi za nyumbani nitasema machache, maana kila mzazi wa Kenya anazijua. Karatasi ya manila saa mbili usiku. Picha za wanyama wa kuprinti kesho asubuhi. Mwenye saiba ya mtaani ananiita mteja wa dhahabu. Shule hii si mbaya kuliko nyingine katika hilo, wala si nzuri.

Ninachotaka kukaa nacho kidogo ni maisha yao nje ya daftari. Adhuhuri wanaswali uani, gredi zote, na mikeka hutandikwa na wale wa zamu. Foleni ya mifereji ya udhu ni fujo na maji hupotea vibaya. Ijumaa huvaa kanzu na kofia, na hutoka mapema. Ramadhani vipindi hufupishwa, na kuna siku moja ya kufuturu pamoja ambapo wavulana wenyewe huwahudumia wazazi: tende, uji, sambusa, viazi vya nazi. Huwaona wakizunguka na majagi wakiulizana nani hajapata, na mama zao wameketi. Kwa wengi wetu ni futari pekee ya mwaka mzima tunayoila bila kuinuka.

Gredi ya 6 mwanafunzi mwenzao alifiwa na baba. Maalim wa madrasa aliwachukua darasa zima, kwa idhini yetu, wakaenda kusoma khitma. Juzuu za Kurani ni 30, kila mmoja husoma yake, na wao bila mfiwa ni 37. Saba waliobaki wakapewa kazi ya kugawa kahawa na kupanga viatu mlangoni. Mwanangu alikuwa wa viatu. Nilifika kuwapa pole wanawake ndani, nikapita mlangoni nikamkuta amechuchumaa, anavioanisha viatu vya wazee viwili viwili, vimetazama nje ili mtu akitoka avae moja kwa moja. Hakuna aliyemwelekeza. Yule mtoto aliyefiwa aliporudi shule alikuta daftari zake zote zimenakiliwa masomo ya siku alizokosa, kwa mwandiko wa watu watano tofauti.

Haya ndiyo yaliyonifanya nivumilie lile ambalo nusura nimtoe.

Muhula wa pili wa 2023 mwanangu alilia uwanjani, sababu hata haikumbukwi. Kuanzia siku hiyo wakubwa wa gredi ya 6 wakamwita "Binti." Binti lete begi, Binti nenda ukatujazie chupa. Alinificha wiki kadhaa. Nilijua kwa mdogo wake wa kike, ambaye alimsikia akiitwa hivyo kwenye tuktuk. Binti yangu alinijia jikoni na swali lake: "Mama, kwani kuitwa binti ni matusi?"

Nilikwenda shuleni kesho yake. Mwalimu niliyeelekezwa kwake alinisikiliza kwa heshima zote kisha akatabasamu: "Mama, hawa ni wavulana. Watazoeana." Nilirudi mara ya pili. Kalamu, daftari, jina langu likaandikwa, kimya. Zilipita wiki sita. Mara ya tatu nilimfuata maalim, nikamweleza swali la binti yangu kama lilivyo. Alinyamaza, akaomba radhi, na gwaride la Jumatatu hakuhubiri uonevu. Aliwauliza nani ana dada, nani ana mama, wainue mikono. Wote. Akawauliza tena, mmoja mmoja kwa wale wakubwa, jina la mama yako ni tusi? Mwanangu anasema uwanja ulikuwa kimya hadi kunguru walisikika. Kubebeshwa mabegi kulikoma wiki ile. Neno lenyewe halikufa kabisa, bado hulisikia likirushwa kwenye mpira, na hapo ndipo ninapoidai shule. Imewafundisha kudeki, kupika na kuhudumia kuliko shule yoyote ninayoijua, lakini watoto wanaokaa kutwa nzima bila msichana mbele yao hugeuza msichana kuwa neno tu. Hilo halimalizwi na gwaride moja.

Viboko? Kisheria vimekatazwa Kenya tangu 2001, na upande wa masomo sikuwahi kusikia. Upande wa madrasa kulikuwa na bakora juu ya meza mwaka wa kwanza. Wazazi tukauliza ni ya nini, tukaambiwa ni ya kuelekezea ubaoni. Muhula uliofuata haikuonekana, na ubao unaelekezwa kwa kidole.

Pesa: tulianza na karo ya 28,000 kwa muhula, tumemaliza na 34,000. Chakula cha mchana ni mbali, wali na maharagwe siku tatu, pilau Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na mtoto hushiba. Tuktuk ya shule ni mbali pia. Kitabu cha malipo kimenyooka, sijawahi kuzushiwa deni. Gharama ambayo hakuna anayekuambia ni ile ya mwenye watoto wa jinsia zote mbili. Binti yangu yuko shule nyingine, upande wa Tudor, kwa hiyo kila asubuhi ni safari mbili, sare mbili tofauti, mikutano miwili ya wazazi inayopenda kuangukia Jumamosi moja.

Mtihani wa KPSEA, ule wa mwisho wa gredi ya 6, alifanya mwishoni mwa 2025, na nyumba haikutikisika. Aliyekulia KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho 2023, anajua ninachosema: mwaka wetu wa nane tulikesha na taa. Huu hauchagui mtoto wa kumfungia mlango. Gredi ya 7 anaingia pale pale, ghorofa ya juu.

Nikiulizwa naipa shule nyota ngapi, ni nne kwa maisha ya pamoja, tatu na nusu kwa darasani, mbili kwa jinsi wanavyopokea malalamiko ya mzazi mara ya kwanza. Mtoto mpole sana anaweza kuteseka muhula mmoja au miwili, basi fanya hivi kabla ya kulipa: nenda saa nne, wakati wa mapumziko, bila miadi, useme umekuja kuchukua fomu. Simama karibu na mifereji, usiende ofisini. Sikiliza wanavyoitana.

Mdogo wao wa mwisho, mvulana, ana miaka mitano. Fomu nimeshachukua. Dada yake amesema ataisoma kwanza.