Scania R420 yenye ritada: uzoefu wangu wa kuvuta trela Nakuru–Timboroa

Navuta trela ya ekseli tatu kwa kichwa cha Scania R420 cha mtumba chenye ritada, yaani kifaa cha kupunguza mwendo bila kutumia breki ya mguu. Kipande kinachoipima gari kweli ni kutoka Nakuru, takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hadi Timboroa, ambako reli inapita kilele cha mita 2,784. Nguvu za farasi 420 zinatosha. Ila ukiniuliza pesa iende wapi kwanza, nitakwambia ritada.

Kwanza kupanda. Hewa ya Timboroa ina uzito wa karibu robo tatu ya ile ya Mombasa. Injini isiyo na tabo (turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Yenye tabo hupoteza kidogo, lakini tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi. Ndiyo maana bomba la intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo) lenye ufa mdogo halijulikani Mombasa, ila ukikaribia Mau Summit gari linatoa moshi mweusi na kulegea. Kagua klipu: penye utando wa oili ulioshika vumbi ndipo panapovuja. Nashusha gia kabla mzunguko wa injini haujashuka hadi 1,100 kwa dakika, na nikisimama juu naacha injini iungurume dakika tatu ndipo nizime, tabo lipoe.

Maji nayo yana kisa chake. Kwa urefu huo, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 91 hivi. Kifuniko cha tangi la maji kikilegea, rejeta inachemka hata kama haina tatizo lolote. Badilisha kifuniko mapema, ni kitu cha bei ndogo. Tumia koolanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji safi. Maji ya mtoni huacha magamba ndani ya kipozeo cha ritada.

Sasa kushuka kuelekea Salgaa, na hapa ndipo gari hili linanifurahisha. Ritada hushika shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, kwa kutumia oili, na joto lote linaingia kwenye maji ya injini. Kwa hiyo ukishuka kwa gia kubwa, mzunguko ukiwa 1,000, pampu ya maji inazunguka polepole, joto linapanda na ritada inajipunguza yenyewe katikati ya mteremko. Watu husema imekufa, kumbe gia ndiyo mbaya. Chagua gia ya chini ukiwa bado juu, mzunguko ukae kati ya 1,700 na 2,000, kisha vuta mkono wa ritada hatua moja moja, ziko tano. Breki ya mguu ibaki ya kupunguza: kanyaga kwa nguvu, punguza mwendo kwa kilomita 10 kwa saa, achia. Ukiiburuza muda wote, dramu za breki zinawaka na lainingi (bitana za breki) zinateleza. Nyutro usiiguse kabisa.

Kasoro yake: inashika tu yale magurudumu ya kichwa yanayoendesha gari. Trela ikiwa tupu na lami imeloa, trela inasukuma kichwa na gari linaweza kujikunja. Mvua ikinyesha siendi zaidi ya hatua ya pili, na mguu uko tayari kwenye breki.

Kabla ya kununua mtumba, fungua tangi la maji injini ikiwa baridi. Ukiona oili inaelea juu, kipozeo cha ritada ndicho cha kushuku kwanza. Punguza bei au ondoka.