Range Rover ya zamani: mifuko ya hewa au springi za chuma?

Range Rover ya 1994 hadi 2002 ilitoka kiwandani na mifuko ya hewa badala ya springi. Porini ina raha yake: unabonyeza kitufe, gari linainuka kuvuka mawe, ukirudi lami linashuka. Tatizo ni uzee. Mpira hupata nyufa, hewa huvuja, kompresa (pampu inayojaza hewa) huhangaika bila kupumzika mpaka iungue, na asubuhi unalikuta gari limelala chini.

Springi za chuma hazina mbwembwe. Ukishazifunga umezisahau, ila kimo ni kimoja tu, na ule ulaini hupungua.

Anayesafiri peke yake mbali na mafundi, namwelewa akichagua chuma. Mwenye mifuko mipya na kifaa cha kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari, kuing'oa ni kujinyima.