Kibali cha kuchoma matawi shambani: nawapa nyota nne

Halmashauri yetu imepiga marufuku kuchoma moto hovyo wakati wa kiangazi. Ukitaka kuchoma, sharti upige simu asubuhi ya siku hiyohiyo uombe kibali. Nimeitumia huduma hii kwa matawi niliyopogoa, na nimeridhika kuliko nilivyotarajia.

Dada aliyepokea simu hakunichosha na maswali. Rundo ni kubwa kiasi gani, liko mbali na nyasi kavu, mpira wa maji unafika? Basi. Masharti nayo yana maana: kuchoma asubuhi, kwa sababu mchana hewa hukauka na upepo huongezeka, kufyeka na kulima kuzunguka rundo mpaka udongo mtupu uonekane, matawi na majani tu, si plastiki, tairi wala mbao zenye rangi. Hapo pa plastiki nawaunga mkono kwa mikono miwili, ule moshi ni sumu.

Kilichonikosha zaidi ni maelekezo ya kuzima. Mwaga maji, koroga jivu kwa koleo, mwaga tena, kisha pitisha kiganja juu yake bila kugusa. Jivu langu juu lilikuwa jeupe, limetulia. Koleo lilipozama, kaa jekundu likanikodolea macho. Makaa ya hivyo huweza kukaa siku kadhaa yakingoja upepo tu.

Nyota moja naikata kwa tangazo la upepo mkali, lililofika watu wakiwa wameshawasha. Watume ujumbe alfajiri, kabla hatujashika kiberiti. Na hao wanaodai kibali ni usumbufu, wanalalamika bure: simu ni ya dakika chache.