Jenereta la tela kwa sherehe: pima mzigo kwanza, bei baadaye

Tone la kwanza lilidondokea kitambaa cheupe cha hema, upande ule eksozi ilikoelekea. Jeusi, zito, linanata kama lami. Tulikuwa na harusi Mbezi, Dar es Salaam, na jenereta langu la kVA 100 (kVA ndicho kipimo cha uwezo wa jenereta) lilikuwa halijamaliza miezi mitatu tangu nilinunue na tela lake. Nilidhani oili inavuja. Fundi akaligusa lile tone, akanusa kidole, akaniuliza: "Dada, hili unalibebesha nini?"

Taa, feni, muziki na friji za vinywaji. Jumla kilowati 12. Sasa kVA 100 ukizidisha kwa 0.8, kama kawaida ya jenereta hizi, unapata kilowati 80, kwa hiyo nilikuwa nalitumia asilimia 15 tu. Injini ya dizeli ikizoeshwa mzigo mdogo namna hiyo, silinda hazipati joto, ringi za pistoni hazibani sawasawa, dizeli haiungui yote. Inatoka na masizi na oili kupitia eksozi. Ukiendelea hivyo, kuta za silinda zinasuguliwa mpaka zinateleza kama kioo, injini inaanza kula oili na nguvu inashuka. Langu tuliliokoa kwa kutumbukiza hita za maji kwenye mapipa ili lipate mzigo mzito, na kulikamua saa kadhaa mpaka ule moshi mweupe ukakata.

Muuzaji hakuniuliza hata mara moja nina mzigo gani. Aliniambia, "Chukua kubwa, mama, utakua nalo." Na hawa wauzaji wana lingine linaloniumiza: kibao cha injini kina namba mbili, ya kufanya kazi muda wote na ya dharura, wao wanakutajia ile kubwa ya dharura na kukulipisha kwa hiyo. Soma kibao mwenyewe. Siku ya shughuli nzito mwite fundi umeme apime mzigo wa kila fezi (waya wenye umeme) kwa mita ya kubana waya. Mzigo wako wa kawaida uangukie kati ya nusu na robo tatu ya uwezo, na usishuke chini ya asilimia 30.

Kwa sherehe za watu 300 hivi, chaguo langu la kwanza ni injini ya Perkins ya silinda tatu, lita 3.3, kVA 30, inayozunguka mara 1,500 kwa dakika. Naipendelea waziwazi. Fundi yeyote anaijua, filta na ringi zake unazipata mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, siku hiyohiyo, na friji zikiwaka kwa pamoja taa hazipepesi. Ya pili ni Kubota ya karibu kVA 20: kimya, inakula mafuta kidogo, lakini ukiongeza AC imekwisha. Ya tatu Cummins 4BT, silinda nne, lita 3.9. Injini ya kudumu kweli, ila ichukue ukiwa na jukwaa kubwa la muziki, vinginevyo utarudi kwenye lile tone jeusi.

Za bei ya chini zinazozunguka mara 3,000 kwa dakika ni za dukani umeme ukikatika, si za kukesha harusini.

Matunzo: badilisha oili na filta kila saa 250, na mapema zaidi ukifanya kazi kwenye vumbi. Jaza tenki ukirudi, maana tenki tupu hukusanya unyevu, na fungua kikombe cha chini ya filta ya dizeli umwage maji. Tela nalo lina umri wake: tarakimu nne ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka lilipotengenezwa. Ukifika uwanjani, shusha jeki mpaka jenereta likae sawa, maana likiinama kijiti cha oili kinakudanganya.

Kama unanunua la mtumba, nenda asubuhi kabla hawajaliwasha. Zungushia kitambaa cheupe kidoleni, futa ndani ya ncha ya eksozi. Masizi makavu hayana neno. Kikitoka kimeloa weusi unaonata, funga pochi yako uondoke, hata wakikupunguzia nusu ya bei.