Makumbi ya nazi badala ya udongo kwa monstera ya sebuleni: uzoefu wangu wa miezi 14, Mtwara

Nilinunua kiroba cha makumbi yaliyosagwa kwenye kitalu cha maua hapa Mtwara mjini, ujazo wa kama lita 40, kwa shilingi 6,000. Kilitosha monstera tatu za ndani (mmea wa mapambo unaopanda, wenye majani makubwa yenye matundu), upande wa Shangani. Baada ya miezi 14 nayakubali kabisa, na kiroba kikiisha nitarudi kuchukua kingine. Ila hayafai kupandia siku ileile unayoyanunua, na hilo muuzaji hakulisema.

Tatizo ni chumvi. Huku pwani desturi ya kupata usumba, yaani nyuzi za kusokotea kamba, ni kuyafukia makumbi ufukweni mpaka yalainike, ndipo yapondwe. Vumbi linalobaki linabaki na bahari yake. Ukipanda humo, kingo za majani zinaungua kahawia, mizizi inashindwa kuvuta maji ingawa chungu kimelowa, nawe unadhani mmea una kiu, unazidi kumwagia. Monstera nyingi zinakufa hivyo.

Ninavyoosha: najaza makumbi nusu ya ndoo ya lita 20, namalizia kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yanalala usiku kucha, asubuhi nayachuja kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Mara tatu. Maji yatatoka rangi ya chai ya rangi hata mara ya tatu. Hiyo si chumvi, ni rangi ya makumbi yenyewe, usiisubiri iishe. Kupima kama chumvi imetoka, chukua mbegu 20 za mchicha uzipande kwenye makumbi uliyoosha na nyingine 20 kwenye mchanga wa mto. Ndani ya siku tano utaona. Zikiota chache waziwazi upande wa makumbi, rudia kuosha.

Maji ya nne natia mbolea ya kalsiamu naitreti, kijiko kimoja cha chai kwa lita 5, yanalala tena usiku mmoja. Wengi wanairuka hatua hii, kisha wanalaumu makumbi. Makumbi yana tabia ya kushika kalsiamu na magnesiamu na kuachia potasiamu na sodiamu. Usipoyashibisha kwanza, yatachukua kalsiamu ya mbolea yako, na majani machanga yatatoka yamejikunja.

Makumbi matupu pia yanashika maji kupita kiasi kwa hewa yetu ya unyevu. Nachanganya makopo 3 ya makumbi, kopo 1 la mkaa uliopondwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi (vumbi lake lichekeche ulitupe), kopo 1 la mchanga mkubwa wa mto, na nusu kopo la samadi ya mbuzi iliyooza ikapoa. Mchanga wa baharini usiutumie: ukiacha chumvi, una vipande vya matumbawe ambavyo ni chokaa, na chokaa inafanya mmea ushindwe kupata madini ya chuma. Maganda mabichi ya korosho nayo, pamoja na wingi wake mkoani kwetu, yaache. Mafuta yake yanaunguza ngozi ya mkono, sembuse mizizi.

Chungu kiwe na matundu chini na kiinuliwe juu ya vipande vya vigae. Kizidi kile cha zamani kwa sentimita 3 hadi 5 za upana, basi. Chungu kikubwa mno kinabaki na maji mahali ambapo mizizi haijafika.

Umwagiliaji ndio unaowachanganya watu waliozoea udongo mwekundu. Udongo ukikauka unapasuka, unauona. Makumbi juu yanageuka meupe-meupe siku ya pili tu, wakati vidole vinne chini bado ni tope. Kwa hiyo macho usiyaamini, inua chungu. Chungu cha sentimita 25 kilichotoka kumwagiwa ni kizito wazi. Kikiwa chepesi kama nusu ya uzito ule, mwagia taratibu lita moja na nusu hadi mbili mpaka yatoke chini, na ya kwenye sahani uyamwage. Kwangu wakati wa kaskazi, joto likiwa na mvua, ni kila siku 8 au 9. Kusi ikivuma na hewa ikakauka, kila siku 6. Ukiona vijinzi vidogo vyeusi vinaruka juu ya chungu, unamwagia mapema mno.

Visima vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, hivyo nakinga ya mvua kuanzia Desemba hadi Aprili. Akiba ikiisha natumia ya bomba, na mara moja kwa mwezi napitisha maji mengi mfululizo kusafisha chungu.

Chakula, makumbi hayana. Ile samadi kidogo haifiki mbali, kwa hiyo kila wiki mbili naweka mbolea ya NPK ya kuyeyuka 19:19:19, gramu 1 kwa lita. Majani ya chini yakipata manjano katikati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani, hiyo ni njaa ya magnesiamu. Chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesiamu, si chumvi ya mezani), gramu 1 kwa lita, inasaidia.

Mwanga: mita moja kutoka dirisha la mashariki. Kwenye kona yenye giza majani yanatoka mazima bila matundu, na hakuna mbolea ya kurekebisha hilo. Vidung'ata, wale wadudu weupe kama unga, hujificha kwenye kikonyo, panapoungana na shina. Nawafuta kwa pamba yenye spiriti. Watoto waangaliwe: monstera ni ukoo mmoja na magimbi, na jani likitafunwa bichi linawasha kinywa na koo kwa sababu ileile.

Kasoro ya mwisho inahusu kamba. Kitalu hichohicho kiliniuzia nguzo iliyozungushiwa kamba ya usumba, ya monstera kupandia. Makumbi nilikuwa nimeyaosha, kamba sikuifikiria. Wiki ya tano, mizizi ya hewani iliyogusa kamba ilikuwa myeusi nchani, imekauka kama njiti ya kiberiti iliyowashwa. Ile iliyokuwa inaning'inia pembeni, kwenye shina lilelile, ilikuwa na ncha nyeupe zenye afya. Nilifungua kamba, nikailoweka siku tatu huku nikibadilisha maji asubuhi na jioni, nikaizungusha upya. Mizizi iliyoungua haikurudi. Iliyoota baadaye imepenya katikati ya nyuzi, ukijaribu kuivuta haitoki.