Westward the Women (1951): picha ya kauboi ambayo wanawake ndo wanabeba safari nzima

Nimeiangalia mara mbili ndani ya wiki moja, ya kwanza peke yangu usiku kwenye laptop, ya pili sebuleni na mama, na mpaka leo bado ipo kichwani. Mi picha za kauboi nilikuwa nazijua zile za jamaa anaingia mjini na bastola mbili anaua wabaya anapanda farasi anaondoka, wanawake wao kazi yao kuchungulia dirishani. Hii imenibadilisha kabisa.

Ni mwaka 1851. Dhahabu ya California ilionekana Januari 1848 na wanaume wakamiminika huko kwa maelfu, sasa wanawake ndo hamna, sensa ya 1850 ilikuta hawafiki hata mmoja katika kila watu kumi. Mzee Whitman (John McIntire) ana bonde lake huko, ana vijana wa kazi, kila kitu kipo isipokuwa wake na watoto, basi anafunga safari mpaka Chicago kutafuta wanawake walio tayari kwenda kuolewa na watu hawajawahi kuwaona. Ukutani kabandika picha za hao wanaume, mwanamke akikubaliwa anasogea, anaangalia sura moja moja, anachagua yake anaondoka nayo. Wanapatikana karibu 140. Wa kuwavusha ni Buck Wyatt, ndo Robert Taylor huyo, mtu mkavu, hacheki hovyo, na anawaambia mapema kabisa kwamba wengine hawatafika.

Njia yenyewe kutoka Independence, Missouri mpaka California ilikuwa kama kilomita 3,200, kwa magari ya turubai yanayovutwa na nyumbu. Mwanzoni kuna wanaume wa kuendesha lakini mmoja anambaka mwanamke, Wyatt anampiga risasi palepale, na baada ya hapo wengi wa wale wanaume wanatoroka. Hapo ndo picha inaanza hasa. Wanawake wanajifunza kufunga nyumbu, kulenga bunduki, kushusha magari kwenye miteremko kwa kamba, na unaiona kazi yenyewe inavyofanyika, mavumbi mdomoni, mikono imechubuka, hamna aliyependezeshwa kwa ajili ya kamera.

Sasa tulipoiangalia na mama, kama dakika ya ishirini hivi akaniuliza, "Mwanangu mbona umezima muziki?" Sijazima mama, hamna! Director William Wellman kaiacha karibu picha nzima bila muziki, unasikia magurudumu, upepo, nyumbu na watu tu. Kuna mama wa Kiitaliano, Mrs. Maroni, mwanawe anakufa kwa risasi iliyopotea wakati wa mazoezi ya kulenga, na mama wa watu hataki kuliacha kaburi mpaka achukuliwe kwa nguvu, anaongea Kiitaliano chake na hakuna tafsiri yoyote chini. Mama yangu Kiingereza chenyewe hajui, Kiitaliano ndo kabisa, lakini pale alinyamaza akavuta khanga akajifuta macho. Muziki ungekuwepo pale ungeharibu.

Na kile kipande cha uzazi! Binti mmoja, Rose, ameshikwa na uchungu ndani ya gari, gurudumu linavunjika gari linalala upande, basi wanawake wanakimbilia wote wanaweka mabega chini wanaliinua, na wanakaa vilevile wamelibeba, jasho linawatoka, miguu inatetemeka, mpaka kilio cha mtoto kisikike. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti anasema "msiachie, msiachie jamani". Mi nilikuwa najua mwisho wake na bado nilishika pumzi.

Ila kilichonimaliza ni baada ya wenyeji wa asili kuushambulia msafara. Wyatt alikuwa hayupo, anarudi anakuta mzee Whitman amekufa na wanawake kadhaa wamelala chini. Waliobaki wanaanza kuita majina ya waliokufa, mmoja anaita, mwingine anaita, jina kamili, na sauti inagonga milimani inarudi. Basi. Hamna hotuba. Nimeona picha nyingi za vita zenye maiti mamia, hakuna iliyonifanya nihisi kila aliyelala pale alikuwa mtu mwenye kwao kama hii.

Ndo maana kasoro yake inaniuma. Wenyeji wa asili wanaoshambulia hawana jina, hawana sura, wanatokea kama mafuriko wanapotea. Na mwaka huohuo 1851 ndo serikali ya Marekani ilisaini mkataba wa Fort Laramie na mataifa kama Sioux, Cheyenne na Arapaho kuhusu ardhi zao na hizo njia za misafara, yaani walikuwa watu wa kukaa nao mezani. Picha inayojua thamani ya kutaja jina la marehemu ingeweza kabisa kufanya zaidi ya hapo. Mapenzi ya Wyatt na Fifi, mmoja wa wale wanawake (Denise Darcel), nayo ni ya mabavu mno kwangu. Mpishi Ito, Mjapani, Henry Nakamura kamcheza vizuri sana, ingawa mwanzoni wamemfanya wa kuchekesha tu.

Ni ya black and white, imepigwa Utah, kama saa mbili hivi. Tafuta nakala safi maana milima ile kwenye nakala mbovu inakuwa ukungu mtupu. Mwishoni wanawake wanagoma kuingia bondeni na matambara yao, wanataka vitambaa kwanza, na Wyatt inabidi aende kuwakusanyia vitambaa vya meza na mablanketi kutoka kwa wale wanaume wanaowasubiri, ili wanawake washone nguo. Mama alipiga makofi. Jumapili anamleta mama mdogo waiangalie pamoja, nimeambiwa nisiende popote, mi ndo mkalimani.